Mgongo Uliopinda Ukubwani: Nani Apasuliwe, na kwa Ushahidi Gani

Mgongo wa mtu mzima hupinda kwa namna mbili kubwa. Unaweza kwenda upande, bega moja likashuka na nyonga ikatokeza. Unaweza pia kwenda mbele, kifua kikatangulia miguu mpaka mwenyewe akawa anatazama ardhi badala ya njia. Mara nyingi namna zote mbili hukutana kwa mtu mmoja. Kipimo cha kupinda upande kilitolewa mwaka 1948 na daktari wa Marekani, John Cobb. Kwenye picha ya eksirei hutafutwa pingili mbili zilizoinama zaidi, ya juu na ya chini ya pindo, huchorwa mstari kwa kila moja, kisha pembe kati ya mistari hiyo husomwa. Ikifika nyuzi 10, mtu huyo anaandikwa kuwa na mgongo uliopinda.

Kuandikwa hivyo si kuumwa. Mwaka 2005 Frank Schwab na wenzake wa New York walitoa majibu ya wazee 75 waliojitolea kupigwa picha, kwa wastani wakiwa na miaka 70 hivi, ambao hawakujulikana kuwa na tatizo la mgongo. Asilimia 68 walikutwa wamepinda. Wazee hao walikuwa wakitembea na kuendelea na shughuli zao. Ndiyo maana utafiti wa upasuaji huu haujawahi kuwa na shida ya kupata watu waliopinda. Shida yake ni kumjua yule ambaye kisu kitamfaa.

Mtu mzima hufika kwenye pindo kwa njia nyingi. Wengine wamelibeba tangu utotoni. Wengine diski kati ya pingili zimechakaa upande mmoja na mgongo ukafuata. Wapo ambao mifupa imekuwa mepesi kwa uzee, pingili ikabonyea kwa kuinua ndoo tu. Katika Maruku, na kote Bukoba na Muleba mkoani Kagera, kuna njia nyingine tatu zinazojulikana vizuri kwa waganga wa hospitali. Ya kwanza ni kuanguka kutoka juu ya mti, uwe mwembe, mfenesi au mparachichi. Utafiti wa Haleluya Moshi na wenzake wa hospitali ya KCMC, mjini Moshi, uliotolewa mwaka 2017, uliweka kuanguka mbele ya ajali za barabarani miongoni mwa visababishi vya majeraha ya uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa Tanzania. Ya pili ni kifua kikuu cha mifupa. Ya tatu haina siku ya kuanza: ni miaka ya kuinama.

Hiyo ya tatu ilichunguzwa mapema Japani. Mwaka 1988 Takemitsu na wenzake walieleza habari za wakulima, hasa wanawake, ambao baada ya miaka mingi ya kuinama shambani misuli ya kiuno ilidhoofu na sehemu ya chini ya mgongo ikapoteza mbinuko wake wa asili. Dalili zao atazitambua mtu yeyote aliyekulia kwenye kibanja cha migomba. Mgonjwa hutembea ameinama, hawezi kubeba kitu mbele ya mwili, na jikoni huegemeza viwiko mezani ili afanye kazi. Akipanda mlima hutaabika kuliko akitembea tambarare. Mama wa Maruku anayeng'oa magugu kwa mkono chini ya migomba, anayelima njugumawe kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, kisha akajitwika mzigo wa nyasi za kutandaza shambani, anafanya kazi ya namna ileile.

Upasuaji wenyewe ulianza kwa kutazama upande mmoja tu. Paul Harrington wa Houston, aliyekuwa akiwatibu watoto walioharibiwa mgongo na polio, alitangaza mwaka 1962 fimbo ya chuma yenye ndoano juu na chini, ambayo ilitanua upande uliobonyea na kuunyoosha mgongo. Picha ya mbele ilipendeza. Kufikia miaka ya 1970 madaktari walianza kuona tatizo jipya: kwa wale ambao fimbo ilishuka mpaka kiunoni, kiuno kilikuwa kimekuwa bapa kama ubao, na mtu akisimama mwili ulielekea mbele. Ili asianguke alikunja magoti na kurudisha nyonga nyuma, na jioni alikuwa hoi. Ilibidi kutafuta kipimo cha mgongo unaotazamwa kwa ubavu.

Kazi hiyo iliongozwa kwanza na Wafaransa. Jean Dubousset alieleza kwamba mtu aliyesimama sawa hutumia nguvu kidogo mradi kichwa chake kiko juu ya nyonga, na kadiri kinavyotoka nje ya eneo hilo ndivyo misuli inavyogharamika. Mwaka 2005 Steven Glassman na wenzake walipitia takwimu za watu wazima 752 wenye migongo iliyopinda, na kati yao 352 mwili ulikuwa umeelekea mbele. Kadiri ulivyoelekea mbele zaidi ndivyo maumivu na ulemavu vilivyozidi. Mwaka 2012 ukatoka mpangilio unaotumika hadi leo, wa Schwab na chama cha wataalamu wa migongo iliyopinda kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966. Mpangilio huo hutazama pindo la upande, kisha huongeza vipimo vitatu vya ubavuni: kiuno kinalinganaje na umbo la fupanyonga, fupanyonga limegeuka nyuma kiasi gani, na shingo imetangulia nyonga kwa sentimita ngapi. Shingo ikitangulia kwa zaidi ya sentimita 4, daktari huanza kuuliza maswali. Ikizidi 9.5, tatizo ni kubwa.

Vipimo hivi vinahitaji picha moja inayoonyesha mgongo wote, kuanzia shingoni hadi kwenye vichwa vya mapaja, mgonjwa akiwa amesimama. Filamu ya kawaida ya kifua haifiki urefu huo. Mgonjwa akilazwa kwenye meza ya eksirei mgongo hunyooka kwa uzito wake, na pindo linalomtesa njiani halionekani. Ni jambo dogo la chumba cha picha, lakini linaweza kupotosha uamuzi.

Katika chumba cha upasuaji mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya fremu inayoacha tumbo likining'inia ili damu isijae mishipani. Ngozi hupasuliwa katikati ya mgongo, misuli hutenganishwa na mfupa, kisha skrubu hupenyezwa mbilimbili katika kila pingili kupitia daraja jembamba la mfupa ambalo pembeni yake hupita mishipa ya fahamu. Mgongo ukiwa umekakamaa kabisa, daktari hukata kabari ya mfupa kutoka kwenye pingili ili pengo likifungwa mwili urudi nyuma. Fimbo mbili hupindwa kwa umbo linalotakiwa na kufungwa kwenye skrubu, na vipande vya mfupa hutandazwa ili pingili ziungane ziwe kitu kimoja. Kazi hiyo huchukua saa nyingi na damu nyingi. Kwenye hospitali zenye vifaa, waya huunganishwa kichwani na miguuni muda wote kufuatilia kama ishara za fahamu bado zinapita.

Je, inasaidia? Kwa miaka mingi jibu lilitoka kwa wapasuaji waliokuwa wakihesabu wagonjwa wao wenyewe, na hesabu ya namna hiyo haikosi upendeleo. Jaribio zito zaidi lilifadhiliwa na taasisi za taifa za afya za Marekani na kufanywa katika vituo tisa vya Amerika Kaskazini, kwa watu wa miaka 40 hadi 80 wenye pindo la kiuno la nyuzi 30 au zaidi na maumivu. Majibu yake ya miaka miwili yalitolewa na Michael Kelly na wenzake mwaka 2019. Washiriki walikuwa 286, lakini waliokubali kupangwa kwa kura, kisu au bila kisu, walikuwa 63 tu. Waliobaki 223 walichagua wenyewe na wakafuatiliwa hivyohivyo.

Hata hao 63 hawakutulia. Katika kundi lililoangukia kutibiwa bila kisu, asilimia 64 walihamia kwenye upasuaji kabla ya miaka miwili kwisha. Watu wa Maruku wameishi jirani na vitalu vya majaribio vya kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Maruku, na wanajua jinsi aina mbili za migomba zinavyopandwa bega kwa bega ili zilinganishwe. Mgomba haukatai kitalu ulichopangiwa, wala hauhami usiku kwenda kitalu cha jirani. Mgonjwa mwenye maumivu anahama, na ana haki ya kuhama. Matokeo yake ni kwamba makundi yalipolinganishwa kama kura ilivyoyapanga, tofauti haikuonekana. Yalipolinganishwa kwa tiba ambayo mtu aliipata kweli, waliopasuliwa walikuwa na maumivu kidogo zaidi na uwezo mkubwa zaidi. Ulinganisho huo wa pili una nguvu ndogo kisayansi, kwa kuwa anayechagua kisu huenda tangu mwanzo ni tofauti na asiyechagua. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa, na ilielekea kulekule kulikoelekea majibu ya waliochagua wenyewe. Anayesema upasuaji huu hauna ushahidi amepitiliza. Anayesema ushahidi umekamilika amepitiliza pia.

Jambo moja linalosahauliwa mara nyingi katika majibu hayo ni kwamba wengi waliobaki bila kisu hawakuzidiwa. Walikaa palepale walipokuwa. Mtu ambaye anaweza kuvumilia hali aliyonayo hana sababu ya kukimbilia upasuaji kwa hofu kwamba mwaka kesho atakuwa hoi.

Gharama ya mwilini nayo imehesabiwa bila kupunguzwa. Mwaka 2016 Justin Smith na wenzake walitoa hesabu ya watu 291 waliopasuliwa na kufuatiliwa kwa angalau miaka miwili katika vituo kadhaa vya Marekani. Waliopata angalau tatizo moja lililotokana na upasuaji, dogo au kubwa, walikuwa 203, yaani karibu asilimia 70. Waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa 82. Fimbo zilivunjika, pingili zilizo juu ya chuma zilibonyea na mwili ukaanza kuinama upya, vidonda viliingia vijidudu. Mwaka huohuo Lawrence Lenke na wenzake walieleza habari za wagonjwa 273 wenye mapindo magumu katika vituo 15 vya nchi mbalimbali, waliopimwa nguvu za miguu kabla na baada. Siku ya kutoka hospitalini asilimia 22 nguvu zao zilikuwa zimepungua. Baada ya miezi sita walibaki asilimia 11 hivi. Utafiti wa nyuma, uliotegemea mafaili, ulikuwa umeonyesha idadi ndogo zaidi, maana faili huandika kilichoulizwa, na mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Takwimu hizi zimetoka kwenye hospitali zenye benki ya damu iliyojaa, vyumba vya uangalizi maalumu na wapasuaji wanaofanya kazi hiyohiyo kila wiki. Kuzipeleka mahali pengine bila kukumbuka hilo ni kumdanganya mgonjwa.

Zaidi ya faida na hatari kuna jambo la tatu, ambalo kwa mkazi wa Kagera huenda ni zito kuliko asilimia zote hizo. Mgongo uliounganishwa kuanzia kifuani hadi kwenye fupanyonga haukunjiki tena, kwa kuwa ndivyo ulivyokusudiwa. Hojaji zinazotumika kupima mafanikio, kama ile ya Oswestry iliyochapishwa mwaka 1980, huuliza habari za kukaa, kusimama, kulala na kusafiri. Mwaka 2013 Robert Hart na wenzake wa Oregon waliona pengo hilo wakatunga hojaji ya kukakamaa kwa kiuno. Inauliza kama mtu anaweza kuvaa soksi na viatu, kuokota kitu kidogo sakafuni, kuoga sehemu ya chini ya mwili, kujisafisha chooni, kuendesha gari. Wagonjwa wengi wa Marekani walisema kiuno kimekakamaa lakini wanavumilia kwa kuwa maumivu yamepungua. Watafiti wa Korea Kusini hawakuridhika hata na hojaji hiyo, kwa sababu wazee wa kwao hukaa, hula na hulala sakafuni. Wakatunga yao.

Kwa Maruku bado hojaji nyingine ingehitajika. Ingemuuliza mama kama anaweza kupiga magoti kumsalimia mkwe wake na kuinuka bila kushikwa mkono. Ingeuliza habari za choo cha shimo, kumenya ndizi akiwa ameketi kwenye mkeka, kuchuma buni za matawi ya chini, kuteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo. Mgongo ulionyooka kwenye picha, kwa mtu ambaye riziki yake yote iko chini ya magoti, unaweza kuwa mafanikio ya daktari na hasara ya kaya. Unaweza pia kuwa nafuu kubwa, maana aliyekuwa hawezi kutembea hatua hamsini bila kusimama hakuwa akipalilia hata hivyo. Haiwezekani kujua bila kuuliza, na maswali yaliyotungwa kwa watu wa viti na magari hayatoshi.

Kifua kikuu cha mgongo kina historia tofauti, na humo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa waliotafuta majibu. Percival Pott wa London alieleza ugonjwa huo mwaka 1779. Vijidudu hula diski na mbele ya pingili, pingili huporomoka, na kibiongo chenye ncha hutokeza mgongoni. Kwa vizazi vingi tiba ilikuwa kulazwa miezi au miaka, au kufungwa koti la plasta gumu. Kuanzia miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio ya kura katika miji ya Masan na Pusan nchini Korea, Bulawayo katika Rhodesia ya wakati huo, na Hong Kong. Majibu yaliyotoka kuanzia mwaka 1973 yalishtua wengi: aliyekunywa dawa sawasawa akiwa anatembea nyumbani alipona sawa na aliyelazwa miezi sita, na koti la plasta halikuongeza kitu. Upasuaji wa Hong Kong, wa kuondoa mfupa wote uliooza kwa mbele na kupandikiza mwingine, ulikuwa na faida moja ya wazi, nayo ni kibiongo kidogo zaidi.

Dawa za wakati huo zilinywewa kwa miezi 18. Zilifupishwa kwa sababu ya jaribio lililofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na baraza hilohilo, majibu yakatolewa mwaka 1972, lililoonyesha kwamba kifua kikuu cha mapafu kingeweza kutibiwa kwa miezi sita endapo dawa ya rifampisini ingetiwa. Baadaye dawa fupi zikajaribiwa kwenye mgongo na zikafaa, ingawa kwa mifupa muda huongezwa mara nyingi. Kisha mpango wa taifa wa Tanzania wa kudhibiti kifua kikuu, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo, ukawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani lilijengea mkakati wake wa dunia nzima. Kwa Kagera, mkoa ambao wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, urithi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa kinga ikishuka kifua kikuu hupata mlango, na mgongo ni mahali kinapopenda kukaa kikitoka mapafuni.

Dawa huua vijidudu lakini haziinui pingili iliyokwisha kuporomoka. Shanmuganathan Rajasekaran wa India, aliyewafuatilia kwa miaka 15 watoto waliotibiwa katika jaribio la dawa lililofanywa Madras, alionyesha mwaka 2001 kwamba wengine kibiongo kiliendelea kukua hata baada ya ugonjwa kwisha. Mtoto wa namna hiyo hufika ukubwani akiwa amepona kifua kikuu na bado yuko hatarini, kwa sababu pindo likiwa kali sana miguu yake huweza kupooza miaka mingi baadaye. Kumpasua mtu mzima aliye hivyo ni kazi ngumu kuliko zote zilizotajwa. Kituo kimoja cha Afrika kilichojipatia uzoefu wa mapindo makali kama hayo ni hospitali ya FOCOS iliyofunguliwa Accra, Ghana, mwaka 2012, chini ya Oheneba Boachie-Adjei. Daktari Rick Hodes wa Addis Ababa amepeleka huko wagonjwa wengi kutoka Ethiopia. Kumtibu mtoto mapema, kabla hajafikia huko, kunagharimu vidonge ambavyo Tanzania huvitoa bure.

Kwa mkazi wa Maruku safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Aliye upande wa Muleba anaweza kuanzia Ndolage, Rubya au Kagondo. Zaidi ya hapo ni Bugando, Mwanza, kwa meli ya usiku au kwa basi la kuzunguka ziwa, na mwisho Taasisi ya Mifupa ya MOI iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Utafiti wa upasuaji wa mgongo uliokwisha kufanywa MOI, kwa kushirikiana na Weill Cornell ya New York, umeshughulika zaidi na waliovunjika: wamecheleweshwa wapi, skrubu na fimbo zimelipiwa na nani, miguu imerudi kwa kiasi gani. Ni mahali sahihi pa kuanzia, kwa kuwa mvunjiko uliocheleweshwa ndio pindo la miaka kumi ijayo.

Mtu mzima mwenye mgongo uliopinda akifika kituoni, mambo machache huamua mengine yote. Homa za jioni, kukonda na maumivu yasiyotulia usiku humpeleka kwenye kipimo cha kifua kikuu kabla ya mazungumzo yoyote ya kisu. Miguu inayolegea, ganzi sehemu za siri au mkojo usiozuilika ni rufaa ya siku hiyohiyo. Asiye na hayo hupewa muda: mazoezi ya misuli ya mgongo, dawa za maumivu, matibabu ya mifupa myepesi, na picha ya kusimama inayorudiwa ili ionekane kama pindo linaongezeka. Anayepelekwa mbali kupasuliwa anahitaji kurudi na nakala za picha zake na maelezo ya skrubu zilizowekwa pingili zipi, kwa sababu fimbo ikivunjika mwaka wa pili atakayeona kwanza ni daktari wa Bukoba, na hatakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.